Ziara za baiskeli Réunion: faida hutegemea barabara moja

Kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, huzungukwa na barabara ya pwani ya kilomita 200 hivi. Mwandaaji wa ziara za makundi hulipia mapema, kwa Euro, vyumba na gari la mizigo. Wateja wakipungua, gharama hizo hubaki zilezile.

Aprili 2007, lava ya volkano Piton de la Fournaise iliikata barabara hiyo kusini-mashariki. Njia nyingine hupita milimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, mzigo mzito kwa waendeshaji wa kawaida. Vimbunga navyo huvuma zaidi Januari hadi Machi.

Mwekezaji mdogo ausome kwanza mkataba: barabara ikifungwa, hasara ni ya nani?