Mtumishi anayeambiwa ukweli hufanya kazi kwa moyo



Katika rasi ya Muhumba, komini ya Ibanda, mashirika mengi ya misaada yamekuwa na ofisi kwa miaka mingi. Baadhi yenu mmepata kazi humo: ulinzi, udereva, usafi, kugawa misaada. Wengine ni viongozi wa kamati na mnasimamia vibarua. Kwa hiyo swali hili ni lenu pia: mkubwa wa kazi afanye nini ili watu wake waipende kazi?

Wengi husema: aongeze mshahara. Ni kweli, mshahara mdogo huvunja moyo. Lakini mwaka 2025 ulitufundisha jambo jingine. Mwezi wa Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake. Mwezi wa Februari M23 iliingia Bukavu na mabenki yakafunga milango. Mishahara ikachelewa, mingine ikatumwa kwa simu na kukatwa gharama za kutoa. Kiongozi aliyewaita watu na kuwaambia pesa iliyobaki ni ya miezi mingapi, watu wake waliendelea kuja. Aliyenyamaza, uvumi ulisema kwa niaba yake: wa kabila fulani wamelipwa, wengine wameachwa. Ugomvi wa namna hiyo huanza ofisini na kufika mtaani.

Sisi wenyewe tulikosa hapo. Tulijua mradi unaisha, tukawaambia vibarua siku ya mwisho, tukidhani tunawapunguzia uchungu. Mama mmoja akatuambia: "Mngesema mwezi uliopita, nisingechukua deni la feza za masomo." Hatukuwa na jibu.

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwajiri ampe mtumishi karatasi ya hesabu kila anapomlipa. Inawapa pia watumishi haki ya kuchagua wajumbe wa kuwasemea. Wakubwa wengine huwaogopa wajumbe hao kama maadui. Kwa maoni yetu wanajinyima msaada, maana mjumbe huleta malalamiko yakiwa bado madogo.

Kamati nazo zinaweza kufanya hivyo. Kabla ya kazi kuanza, bandikeni majina na malipo mahali ambapo wote hupita, mkieleza jinsi wahamishwa na wenyeji walivyochaguliwa. Kisha waulizeni wanaofanya kazi. Anayegawa unga ndiye anayejua ni bibi gani hawezi kusimama kwenye foleni. Kama shauri lake halikufuatwa, mrudieni mumwambie sababu. Kumwuliza mtu kisha kunyamaza ni kubaya kuliko kutomwuliza kabisa.

Dakika 15 za Jumatatu asubuhi zatosha. Aitwe hata mlinzi wa usiku kabla hajaenda kulala. Mara nyingi ndiye aliyezisikia habari kwanza.