Waraka na Jibu Lake

Mwalimu Célestin Freinet alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la mapafu, na alipopewa kazi mwaka 1920 katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, alitambua upesi kwamba ualimu kama alivyofunzwa, yaani kusimama mbele ya watoto na kusema kutwa nzima, ulikuwa umemshinda kabla hajauanza, kwa kuwa pumzi yake ilikatika mapema kuliko subira ya wanafunzi wake. Mtu mwingine angaliomba kazi ya ofisini. Yeye alinunua mashine ndogo ya kupigia chapa, akaiweka darasani, akawaacha watoto wasimulie yaliyowapata njiani, wachague kisa kimoja, wakipange herufi kwa herufi kwa vidole vyao wenyewe na kukipiga chapa. Kisha, katikati ya miaka ya 1920, akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo asili ya haya yote tuyaonayo leo kwenye skrini: alizituma karatasi zile kwa darasa la mwenziwe, mwalimu René Daniel, huko Trégunc, upande wa pili wa nchi, pwani ya Brittany, ambako watoto walikulia kando ya Atlantiki ilhali wa Bar-sur-Loup walikulia milimani. Baada ya siku kadhaa posta ikaleta karatasi za Trégunc.

Umbali wenyewe haukuwa wa kutisha. Lakini zingatia mabadiliko yaliyomkuta mtoto. Kosa la tahajia, ambalo zamani lilikuwa la mwalimu kulipiga mstari mwekundu, sasa lilikuwa fedheha mbele ya mtu asiyemjua; neno la kawaida la kijijini, ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza maana yake, sasa lilidai kufafanuliwa, maana huko liendako hapana ajuaye; na mlima alioupanda kila siku bila kuutazama ukawa habari ya kuandikwa, madhali yuko mwenziwe anayengoja kuisoma. Freinet hakuongeza hata somo moja katika mtaala. Aliwapa wanafunzi wake msomaji.

Nimeanza na kisa cha karne iliyopita kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu elimu ya mtandaoni aghalabu huanza na waya. Tunahesabu tangu Julai 2009, ulipoanza kazi mkongo wa SEACOM unaopita chini ya bahari na kufika Dar es Salaam na Mombasa, tukapunguza kutegemea setilaiti zilizokuwa ghali na goigoi. Tunahesabu kompyuta, simu na vifurushi vya data. Kisha tunaduwaa tukimwona kijana aliyejaliwa vyote hivyo akitazama mpira na vichekesho. Simlaumu. Waya kazi yake ni kufikisha; kumwuliza kijana amefahamu nini haikuwa kazi yake kamwe.

Mimi mwenyewe niliwahi kujiandikisha katika kozi ya chuo kimoja cha ng'ambo, ambacho jina lake nalihifadhi, nikiwa na shauku ya mtoto aliyenunuliwa daftari jipya. Mihadhara ilikuwa mizuri, mhadhiri msemaji hodari, picha safi. Juma la pili nikauliza swali, swali refu nililolitunga kwa adabu zote. Likakaa pale kama kikombe cha kahawa alichomiminiwa mgeni asiyetokea. Juma la nne sikurudi, na hapana aliyeuliza nimekwenda wapi.

Sikuwa peke yangu, kama hesabu zinavyobainisha. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua mtandaoni, bila ada, kozi yao ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakajiandikisha watu wapatao 160,000 kutoka nchi zaidi ya 190; waliofika mwisho ni kama 20,000 na ushei. Mwaka uliofuata chuo cha MIT kikafanya vivyo hivyo kwa kozi ya saketi na elektroniki: waliojiandikisha ni takriban 155,000, waliofaulu ni 7,000 na kidogo. Wapo waliolia kwamba huu ni msiba, wapo waliojibu kwamba watu 7,000 ni wengi kuliko mhadhiri yeyote anavyoweza kuwafundisha katika umri wake, na wote wawili wana hoja. Lakini mimi navutwa zaidi na mtu mmoja miongoni mwa wale 340 waliopata alama zote katika mtihani wa mwisho wa kozi ile ya MIT, naye ni kijana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia.

Kisa chake kilienea magazetini kama muujiza wa intaneti: kijana wa nyika za mbali, na kompyuta yake, amewapiku wahandisi wa dunia. Ni kweli alifaulu, na baadaye akaenda kusoma MIT yenyewe. Ila aghalabu husahauliwa kwamba mudiri wa shule yake alikuwa mhitimu wa MIT, aliyejua kozi ile inadai nini na akaipenyeza katika ratiba. Na kwamba mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa Stanford alifunga safari hadi Ulaanbaatar akiwa na masanduku ya vifaa vya maabara, akakaa na vijana wale, wakichomeka nyaya na kuulizana kwa nini taa haiwaki. Mihadhara ilitoka Marekani kwa waya. Nyaya zilizochomekwa mahali pasipo pake zilichomolewa na mtu aliyeketi nao meza moja. Anayeisimulia nusu ya kwanza na kuiacha ya pili anatuhadaa, tena anamhadaa waziri wa elimu anayetaka kujua fedha chache alizonazo azitie wapi.

Sasa niwarudie waliofuata nyayo za Freinet, maana wao ndio waliokwenda mbali zaidi kwa kelele chache. Mwaka 1988, Marekani na Urusi ya Kisovieti zikiwa bado zimeelekezeana makombora, Mmarekani Peter Copen aliunganisha kwa kompyuta shule za jimbo la New York na shule za Moscow, ili vijana wa pande mbili zilizofunzwa kuchukiana wafanye kazi za masomo pamoja. Jaribio lile likawa chimbuko la mtandao uitwao iEARN, ambao leo una shule katika nchi zaidi ya 100, zikiwamo za Kenya na Uganda, na ambao una sharti moja lililonipendeza: kila anayependekeza mradi lazima aeleze kazi hiyo itaboresha vipi maisha ya watu duniani. Barua za urafiki pekee, za jina langu fulani na chakula nikipendacho wali, hazidumu; nani asiyekumbuka rafiki wa kalamu wa miaka ya shule, aliyetuandikia mara mbili kisha akapotea? Baada ya salamu kwisha, marafiki wasio na shughuli ya pamoja hawana la kuambiana.

Mwanataaluma wa Kimarekani Margaret Riel ndiye aliyebuni mpango wa kuzuia upotevu huo, uitwao duara la kujifunza, nao unastahili kuelezwa kwa kituo. Madarasa sita hadi manane ya nchi mbalimbali huwekwa pamoja kwa muhula. Kila darasa huleta swali lake: hawa wanataka kujua wengine wanapata wapi maji ya kunywa, wale wanakusanya ngano za mabibi, wengine wanapima mvua. Kila darasa lapaswa kujibu maswali ya yote mengine kwa kazi ya kweli, yaani kwenda kupima, kumhoji bibi, kuchora ramani ya visima. Na mwisho wa muhula kila darasa hukusanya majibu liliyopewa, likayahariri, likatoa kijitabu na kukigawa kwa wote. Ukiutazama vema utaona kwamba huo ni upatu. Mama zetu wanaujua mpango huu minghairi ya shahada yoyote: kila mwezi unatoa ili fulani apokee, kwa yakini ya kuwa zamu yako i njiani, na hofu ya kutazamwa vibaya siku ya zamu hiyo yatosha kumfanya hata mvivu atafute fungu lake. Darasa lililonyamaza wakati wengine wanauliza kuhusu maji, litajibiwa na nani likiuliza kuhusu ngano?

Fauka ya hayo, mpango huu hauhitaji watu wote wawe macho wakati mmoja. Hili wapenzi wa mikutano ya video hawalizingatii. Saa nne za asubuhi Dar es Salaam, katika majira ya baridi ya Marekani, New York ni saa nane za usiku. Hakuna mzazi atakayemwamsha mtoto saa hiyo aje apungiane mkono na wenziwe wa Temeke, na hata akiamka, umeme unaweza kukatika upande wetu. Ama waraka, huo hungoja. Nao humpa mwanafunzi mwenye haya, au mwenye Kiingereza cha kukwamakwama, nafasi ya kuandika, kufuta na kuandika tena, jambo asilolipata mbele ya kamera.

Wala tusidhani kwamba kujifunza pamoja kwa mbali ni ugeni tuliouletewa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya, majuma kumi na mawili ya vipindi kuhusu malaria, kuhara, kichocho na maradhi mengineyo yanayozuilika, na walioshiriki walikisiwa kuwa milioni mbili. Lau serikali ingalitangaza tu, watu wangalisikia na kuendelea na shughuli zao. Kabla ya kipindi cha kwanza walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Na kila juma kikundi kilikutana, kikasikiliza, kikasoma kijitabu, kisha redio ikazimwa, wakajadiliana: hapa kwetu mbu wanazaliana wapi, choo cha nani hakijachimbwa, tutaanza lini? Majembe yakashikwa. Redio iliyozimwa kwa wakati ndiyo siri ya kampeni ile, na sijaona wengi miongoni mwa watengenezaji wa masomo ya mtandaoni walio na ujasiri wa kumwambia mwanafunzi: sasa zima, nenda kamwulize jirani.

Hata kabla ya redio, gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam Januari 1923, liliwapa nafasi washairi, na watu wasiowahi kuonana wakaulizana humo na kujibizana kwa vina na mizani, kila mmoja akichelea kushindwa mbele ya wasomaji. Walikuwa darasani bila kuandikishwa. Na walikuwa wakijibizana kwa Kiswahili, jambo linalonifikisha kwenye mushkili mmoja ambao mitandao ya leo haijautatua: shule zetu zinapounganishwa na za ng'ambo, lugha ni Kiingereza, na mtoto wetu huingia katika upatu huo akiwa mdeni tangu siku ya kwanza, kwani wenziwe ndio wenye lugha na yeye ndiye wa kusahihishwa.

Ipo njia ya kuigeuza mizani hiyo, tena haihitaji wafadhili. Kiswahili kinafundishwa leo katika vyuo vikuu vya mbali: SOAS jijini London, Bayreuth nchini Ujerumani, Napoli, Paris, Beijing, Osaka, na Madison katika jimbo la Wisconsin; na UNESCO, kwa azimio lake la Novemba 2021, imeitenga tarehe 7 Julai iwe siku ya lugha hii duniani, siku ambayo sisi huiadhimisha kwa hotuba na ngoma. Katika vyuo hivyo wapo vijana wanaojifunza lugha yetu bila jirani wa kuzungumza naye. Hapa kwetu zipo shule ambazo kidato cha pili kizima hakijapata kuandika sentensi moja kwa msomaji asiye mwalimu wao.

Kwa hiyo nakuomba, mwalimu mkuu unayeisoma makala hii mwisho wa juma, usingoje maabara ya kompyuta arobaini. Kompyuta moja yatosha, au simu yako mwenyewe na daftari la kunakilia. Chagua swali moja ambalo wanafunzi wako hawawezi kulijibu bila kutoka nje ya darasa, walijibu, na uutume waraka wao kwa idara moja ya Kiswahili, maana anwani za idara hizo ziko wazi. Na sharti la pekee uliweke tangu mwanzo, kwamba kila waraka utajibiwa ndani ya majuma mawili, wao kwetu na sisi kwao. Wanafunzi wa Osaka na Bayreuth watafurahi kuupokea. Hadi leo wanatafuta mtu wa kuwasahihisha ngeli.