Mtoto Anayenyamaza Darasani: Lugha, Kujifunza na Maisha ya Shule Chini ya Mlima Meru

Katika shule za msingi za jiji la Arusha na za vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, watoto wanaokaa dawati moja aghalabu hawakulelewa katika lugha moja, kwa kuwa hapa ni mahali ambapo jamii tatu kubwa za lugha za Kiafrika hukutana kila siku sokoni, ibadani na darasani. Wameru wa Akheri, Nkoaranga na Poli huzungumza Kimeru, lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kichaga. Waarusha wa Ilboru, Kiranyi na Oldonyo Sambu huzungumza lahaja ya Kimaasai, ambayo ni lugha ya Kinailoti. Na Wairaqw waliohamia kutoka Mbulu na Karatu wamekuja na lugha ya Kikushi. Pamoja na hizo kipo Kiswahili, ambacho kwa watoto wengi wa Kaloleni, Ngarenaro na Unga Limited ndicho lugha ya kwanza, yaani lugha ambayo mtoto huipata nyumbani kabla hajavaa sare ya shule.

Kutokana na mchanganyiko huo, darasa la kwanza huwa na watoto wa aina mbili ambao kwa macho ya haraka hufanana. Wa kwanza ni yule ambaye bado hajaimudu lugha ya kufundishia, ingawa akili, macho na masikio yake havina tatizo lolote. Wa pili ni yule ambaye ana tofauti ya kujifunza, yaani namna yake ya kusoma, kuhesabu, kusikia, kusema au kutulia haiendi sambamba na ile ambayo somo limeandaliwa kuifuata. Wote wawili hunyamaza wanapoulizwa swali, wote hurudisha daftari lenye mistari mitupu, na wote huweza kuitwa wazito na wenzao, ilhali msaada unaomfaa mmoja haumfai mwingine. Kuwatenganisha ni kazi ngumu kwa mwalimu anayewaona ubaoni tu, lakini ni kazi inayowezekana kwa shule inayomtazama mtoto katika maisha yake yote ya siku, tangu mstarini asubuhi hadi anapokunywa uji, anapocheza na anapofagia uwanja pamoja na wenzake.

Alama za lugha ya nyumbani

Mtoto aliyekulia katika Kimaasai huingia shuleni na sarufi kamili kichwani mwake, ila sarufi hiyo imepangwa kwa utaratibu mwingine. Kiswahili hugawa nomino katika ngeli nyingi zinazotawala upatanisho wa sentensi nzima, ilhali nomino za Kimaasai hugawanyika hasa katika jinsia mbili, ambapo mvulana ni *olayioni* na msichana ni *entito*. Aidha, katika Kimaasai kitenzi kwa kawaida hutangulia mtenda, na sauti za z na v hazimo. Kwa hiyo mtoto anayesema "sawadi" badala ya "zawadi", au "kitabu yangu imepotea" badala ya "kitabu changu kimepotea", hajaonyesha upungufu wa akili, bali ameonyesha kwamba anajenga lugha ya pili kwa kutumia misumari ya ile ya kwanza. Makosa ya namna hiyo hufuata kanuni, hufanana na ya wenzake waliotoka nyumba za lugha ileile, na hupungua kadiri mtoto anavyozidi kusikia na kutumia Kiswahili.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika karibu shule zote za msingi za umma nchini Tanzania, na uamuzi huo umewapa watoto wa makabila zaidi ya 120 lugha moja ya kuelewana, jambo ambalo nchi nyingi hazikulipata. Uganda, kwa mfano, ilifuata njia nyingine kwa mtaala wake wa mwaka 2007, unaoelekeza madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha za maeneo pale inapowezekana. Manufaa ya njia ya Tanzania ni makubwa, lakini yanadai kwamba mtoto wa miteremko mikavu ya upande wa Oldonyo Sambu, ambaye huenda anakisikia Kiswahili kwa saa nyingi mfululizo kwa mara ya kwanza akiwa darasa la awali, apewe muda wa kusikiliza kabla ya kupimwa. Dai hilohilo lina nguvu mjini pia, ambako wazazi wengi hupeleka watoto wao katika shule za mchepuo wa Kiingereza, na mtoto wa miaka minne akatakiwa kujua herufi za lugha ambayo nyumbani hakuna anayeizungumza.

Alama za tofauti ya kujifunza

Tofauti ya kujifunza hujitokeza kwa sura nyingine. Disleksia, ambayo ni ugumu wa kudumu wa kuunganisha herufi na sauti usiotokana na uvivu wala akili ndogo, huonekana wazi katika Kiingereza kwa sababu maandishi ya lugha hiyo mara nyingi hayafuati matamshi. Kiswahili kina irabu tano tu na herufi zake karibu zote hutamkwa kama zilivyoandikwa, na kwa sababu hiyo mtoto mwenye disleksia huweza kuzitambua silabi zote bila kukosea, ila kwa mwendo wa kuchosha mno. Akikutana na neno "hawakutuandikia" huligawa *ha-wa-ku-tu-a-ndi-ki-a*, na anapoifikia silabi ya nane, zile tatu za mwanzo zimekwisha kumtoka, naye hubaki amesoma kila kitu pasipo kuelewa chochote. Ni ugumu unaofichika kirahisi katika darasa kubwa, kwa sababu usomaji wa pamoja wa kuitikia humwezesha kuukariri ukurasa mzima kwa sikio, na hugunduliwa tu pale anapopewa peke yake sentensi ambayo hajawahi kuisikia.

Zipo tofauti nyingine zilizo jirani na hiyo. Diskalkulia ni ugumu wa aina hiyohiyo katika kuelewa idadi. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayobadili namna mtoto anavyowasiliana na anavyopokea kelele, mwanga na mabadiliko ya ratiba. Ulemavu wa akili ni upungufu wa uwezo wa jumla wa kuelewa na kujitegemea unaoanza utotoni. Na uziwi, ambao mara nyingi huchanganywa na hizo zote, kwa hakika ni tofauti ya lugha, kwa maana mtoto kiziwi aliyezungukwa na Lugha ya Alama ya Tanzania hujifunza kama wengine. Jambo linalozitofautisha hali hizi na ugeni wa lugha ni kwamba ugeni wa lugha humwacha mtoto pindi anaporudi kwenye lugha ya mama yake, ilhali disleksia, usonji au ulemavu wa akili humfuata mpaka huko.

Njia iliyokwisha kupitiwa

Elimu ya watoto wenye ulemavu nchini Tanzania ilianza kwa kuwatenga katika shule zao, kama ile ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1950, na ile ya viziwi ya Tabora ya mwaka 1963. Watoto wenye ulemavu wa akili walisubiri hadi mwaka 1982, ambapo masomo yao yalianzishwa katika shule ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam. Mwaka 1994 wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakatoa tamko la kuzitaka shule za kawaida zimpokee kila mtoto, na wazo hilo ndilo linaloitwa elimu jumuishi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeifanya elimu hiyo kuwa haki, na mpango wa elimu bila ada ulioanza mwaka 2016 umeleta darasani watoto ambao zamani wangebaki nyumbani.

Arusha ina bahati ya pekee katika safari hiyo, kwa sababu Chuo cha Ualimu cha Elimu Maalumu Patandi, ambacho ni chuo cha serikali kinachowaandaa walimu wa fani hii kwa ajili ya nchi nzima, kiko Tengeru, kando ya barabara ya Moshi, chini ya mlima wenyewe. Hata hivyo, mwalimu mmoja mwenye utaalamu hawezi kuwa katika kila darasa na kila saa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya ujumuishi huangukia mikononi mwa watu wasio na cheti chake: walimu wengine, viranja, wapishi na watoto wenyewe.

Uwanja kama darasa la pili

Mapumziko ya saa nne hufichua mambo ambayo daftari halina uwezo wa kuyaonyesha. Mtoto aliyenyamaza asubuhi nzima, kisha akasikika uwanjani akipanga timu za rede na kuamua ugomvi kwa Kimaasai, amekwisha kumjibu mwalimu swali muhimu kuliko yote, kwamba kinachokosekana ni Kiswahili tu. Kinyume chake, anayekaa pembeni hata miongoni mwa watoto wa lugha yake, au asiyeitikia anapoitwa kutoka nyuma, anahitaji kupimwa masikio na macho kwanza, kabla ya dhana nyingine yoyote. Mchezo wa mdako nao hutoa kipimo chake, kwa kuwa mchezaji hurusha kijiwe juu na kuokota vingine kwa idadi, viwili viwili kisha vitatu vitatu; anayeimudu hesabu hiyo kwa vidole na kushindwa ubaoni amezuiwa na maneno ya swali, ilhali anayeshindwa kote kuwili ana tatizo la idadi yenyewe.

Uwanja huohuo hutibu pia. Darasa linalojifunza ishara za salamu, chakula, maji na mchezo humtoa mwanafunzi kiziwi katika upweke. Mwenye usonji anayeelezwa mapema kwamba kengele italia na gwaride litaanza hapati hofu ya ghafla. Na msomaji wa polepole anayepewa jukumu la kweli, kama kusimamia kitalu cha miche, hupata mahali ambapo wenzake humtegemea, na mtoto anayetegemewa hachekwi kwa urahisi. Lugha ya watu wazima nayo hutoa mfano, kwani watoto huyaokota maneno kama "zuzu" na "bubu" vinywani mwa wakubwa, na shule ambayo walimu wake wameyaacha huyasikia yakipungua hata kwenye foleni ya makande.

Mzazi na lugha yake

Kikao cha wazazi ndicho mara nyingi kiungo kinachokosekana. Mama anayezungumza Kimeru au Kimaasai pekee hukaa kikaoni akisikiliza taarifa za ujenzi wa madarasa, hali yeye ndiye pekee anayejua kama mwanawe alichelewa kusema, kama huweza kusimulia hadithi kwa mpangilio, na kama hukumbuka alichotumwa dukani. Palipo na mkalimani, na palipo na kiongozi wa mila, yaani laigwanani wa Waarusha au mshili wa Wameru, ambaye watu wanamwamini na ambaye yuko tayari kusema hadharani kwamba ulemavu si laana wala aibu ya ukoo, watoto waliokuwa wakifichwa ndani huanza kuonekana njiani kuelekea shuleni.

Kwa hiyo, kabla jina la mtoto halijaandikwa kwenye orodha ya walioshindwa, shule hudaiwa swali moja lisilohitaji mashine wala fedha, ambalo ni kumuuliza mama, kwa lugha anayoielewa, jinsi mwanawe anavyozungumza, anavyocheza na anavyosaidia kazi akiwa nyumbani. Jibu lake ndilo litakaloamua kama mtoto huyo anahitaji muda zaidi wa kukisikia Kiswahili, au anahitaji kipimo na mwalimu wa aina ya wale wanaoandaliwa Patandi; na vyovyote itakavyokuwa, mama atarudi nyumbani akijua kwamba shule imemwona mtoto wake.