Kuvuka Nchi Nzima kwa Baiskeli: Mwili Huvumiliaje?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka. Wapo watu wenye gari nyumbani na kazi nzuri ofisini ambao hutoa fedha zao ili waendeshe baiskeli kwa wiki mbili mfululizo, kutoka ncha moja ya nchi mpaka ncha nyingine, mvua inyeshe au jua liwake. Nao huiita likizo. Kwetu mtu akipata fedha kidogo huiuza baiskeli na kununua pikipiki. Kwao akipata fedha hununua baiskeli.

Hatuna haja ya kuwacheka, wala ya kuwasifu upesi. Tunataka kuitazama safari hiyo kwa jicho la afya, maana ndani yake limo swali linalowahusu wengi wenu. Mtu wa miaka hamsini na tano, ambaye kazi yake ni ya kukaa kitini, anawezaje kuendesha kilomita elfu moja na mia tano akafika mzima? Na inakuwaje kijana mwenye nguvu kumshinda, aliyeanza naye siku moja, siku ya tatu awe amepakiwa ndani ya gari huku akishika goti?

Safari tutakayoichukua kuwa mfano iko Uingereza. Huanzia Land's End, kwenye ncha ya kusini-magharibi katika eneo la Cornwall, na kuishia John o' Groats, katika pwani ya kaskazini mwa Uskoti. Kwa barabara kuu za desturi umbali wake ni maili 874, yaani kilomita 1,407 hivi. Wanaopita njia ndogo za vijijini ili kuyakwepa malori huendesha zaidi ya hapo. (Mwenye kupenda ramani ataona kwamba John o' Groats siyo mwisho kabisa wa kaskazini, kwani Dunnet Head imeizidi. Lakini desturi ni desturi, na kibao cha kupigia picha kipo John o' Groats.) Wengi huanza kusini kwa sababu katika nchi ile upepo huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi, hivyo huwasukuma mgongoni.

Kundi huwa na watu kumi au zaidi kidogo, mwongozaji mmoja au wawili walio juu ya baiskeli, na gari dogo la kubeba mizigo. Asubuhi mwongozaji huwakusanya wageni wake na kuwaeleza njia ya siku hiyo, mahali pa kunywa chai na mahali penye mteremko wa hatari. Gari hutangulia na kuwasubiri njiani likiwa na maji, ndizi, mikate na tyubu za akiba. Jioni hulala katika nyumba za wageni. Ukigawanya kilomita 1,500 kwa siku 14, unapata kama kilomita 107 kwa siku.

Mtu anaweza kudhani kazi ya mwongozaji ni kuonyesha njia. Siku hizi njia imo katika kifaa kidogo kilichofungwa kwenye usukani. Kazi yake kubwa ni kuwapunguza watu mwendo. Siku ya kwanza kila mmoja ana nguvu, moyo umejaa furaha, na hakuna anayetaka kuachwa nyuma na mwenzake. Tena ubaya wa njia hii uko mwanzoni. Watu huiogopa milima ya Uskoti, lakini vilima vya Cornwall na Devon ndivyo vinavyowavunja: vifupi na vikali, unateremka mpaka mtoni, unavuka, unapanda tena, na hivyo hivyo kutwa nzima. Anayejikaza hapo ili aonekane shujaa hulipa baadaye. Kipimo wanachofundishwa ni chepesi, na kinamfaa hata mtu anayetembea kwa miguu: uweze kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Ukishindwa, punguza.

Sababu yake ni hii. Mwili huweka akiba ya sukari ndani ya misuli na ini. Mtu akijikaza sana, akiba hiyo humtosha kwa muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili hivi. Mafuta ya mwili ni ghala kubwa zaidi, lakini mlango wake hufunguka polepole. Anayekwenda taratibu huchoma mafuta kwa wingi na kuilinda sukari yake. Anayekwenda mbio huimaliza sukari, kisha ghafla miguu inakuwa kama si yake: anatetemeka, anatokwa na jasho la baridi, na anamjibu vibaya hata mwenzi aliyekuja naye likizoni. Wenyeji wa mchezo huu wanaijua hali hiyo na huizuia kwa kula kabla ya njaa. Katika safari ya saa nyingi, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za vyakula vya wanga au sukari kwa kila saa. Ndizi mbivu mbili za ukubwa wa kawaida zinatosha.

Tuliposoma habari hii tulimkumbuka baba ambaye kila parokia inamjua, yule anayepeleka mkaa au maziwa mjini kwa baiskeli. Huyo hana gari la kumfuata. Anaondoka alfajiri na tumbo tupu, keria imebeba mzigo kama wa mtu mzima, na chakula chake cha kwanza ni saa sita mchana baada ya kuuza. Amezoea, ndiyo, na kwa uvumilivu angewashinda wageni wengi wa Land's End. Lakini sukari ya mwili wake inakwisha njiani kama inavyokwisha ya kwao. Bakuli la uji kabla ya kutoka na ndizi mbili mfukoni si anasa kwake. Ni mafuta ya injini. Mama wa nyumba hiyo, tunaomba ulisikie hilo.

Kuhusu maji, siku zilizopita watu waliambiwa wanywe kwa wingi hata kama hawana kiu. Sasa ushauri umebadilika. Kunywa kidogo kidogo kwa kufuata kiu yako, na zaidi jua likiwa kali. Mkojo wenye rangi ya chai ni dalili kwamba umechelewa kunywa. Lakini kujaza tumbo maji matupu saa baada ya saa nako kuna hatari, maana chumvi ya damu hushuka. Mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na wapo waliokufa kwa njia hiyo. Chakula chenye chumvi kidogo njiani husaidia.

Hapa tuongeze onyo ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko mengine yote ya ukurasa huu. Jioni ya siku ya pili au ya tatu magoti na mgongo huuma, na mkono unakwenda kwenye vidonge vya maumivu. Dawa za jamii ya ibuprofen na diclofenac, zikimezwa na mtu aliyepungukiwa maji, zinaweza kuumiza figo. Hii haiwahusu wapanda baiskeli peke yao. Wakulima wanaolima kutwa juani kisha wakameza diclofenac ya dukani kila jioni wamo katika hatari hiyo hiyo, hasa wenye umri mkubwa na wanaotumia dawa za shinikizo la damu.

Yako maumivu ambayo dawa yake ni spana tu. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, huenda kiko juu mno. Ili kupima, kaa juu ya kiti na uweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Unapoendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Tumeona baiskeli ngapi za Phoenix na Raleigh zenye kiti cha chini kiasi kwamba magoti ya mwendeshaji yanakaribia kifua! Mwenye gia naye asisukume gia nzito mlimani kwa kukanyaga polepole. Atumie nyepesi, miguu izunguke upesi.

Na sasa tuseme wazi bila haya, kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya. Kinachowarudisha watu wengi nyumbani ni makalio kuliko miguu. Ngozi hulowa jasho, husuguliwa, huchubuka, kisha hutunga majipu. Wasafiri hawa huvaa kaptula yenye pedi iliyoshonewa ndani, tena bila chupi, maana mshono wa chupi ndio unaokata ngozi. Kaptula hufuliwa kila jioni na mwili huoshwa mara tu safari ya siku inapokwisha. Kila baada ya dakika kumi hivi mtu husimama juu ya pedeli kidogo ili damu ipite. Wanaume wakihisi ganzi sehemu za siri wasinyamaze. Wapunguze mwinuko wa ncha ya kiti au wakibadilishe. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete nayo hutokana na kuuegemea usukani muda mrefu, kwani mshipa wa fahamu wa vidole hivyo hupita chini ya kiganja. Badili mshiko mara kwa mara.

Baada ya Devon njia hulegea. Wengi huvuka mto Severn kwa daraja lililofunguliwa mwaka 1966, wakafuata bonde la mto Wye, kisha tambarare za Shropshire na Cheshire. Kaskazini zaidi hupanda Shap, barabara inayofika zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na siku hiyo hiyo au ya pili yake huingia Uskoti. Huko adui ni baridi. Hata mwezi Juni mvua inaweza kunyesha kutwa nzima, na mtu aliyepanda mlima huku akitoka jasho hushuka upande wa pili shati likiwa limelowa, upepo ukimpiga kifuani. Mwongozaji hutazama dalili tatu: kutetemeka, maneno kutoka kwa kukokota, na vidole kushindwa kubana breki. Akiziona humwingiza mtu huyo ndani ya gari bila mjadala, humvika nguo kavu na kumpa chai ya moto yenye sukari. Whisky, ijapokuwa ndiko kwao, haimo katika matibabu. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na joto lililobaki mwilini hutoroka.

Wako wanaoikimbia njia hii kama mashindano. Mwezi Juni mwaka 2018 Mwingereza Michael Broadwith aliimaliza kwa saa 43, dakika 25 na sekunde 13. Katika sehemu ya mwisho misuli ya shingo yake iligoma, akalazimika kukiegemeza kichwa kwa mkono mmoja huku akiendesha. Tunaistahi rekodi hiyo, lakini haina la kuwafundisha watu wa familia kuhusu afya.

Je, safari yenyewe inaleta afya? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, mji ulio karibu na njia hii, walitoa matokeo ya watu zaidi ya 260,000 wa Uingereza. Waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 41 kuliko waliokwenda kwa gari au basi katika miaka ile waliyofuatiliwa. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba baiskeli peke yake ndiyo sababu. Huenda waliochagua baiskeli walikuwa na afya njema tangu mwanzo. Hata hivyo angalia kwamba hao walikuwa wakienda kazini na kurudi, siku baada ya siku, wala si wasafiri wa wiki mbili. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Faida ya safari ya kuvuka nchi imo katika ile miezi mitatu au minne ya kujitayarisha, mtu anapoendesha mara tatu kwa wiki na kuongeza umbali kidogo kidogo. Asiyejitayarisha huchuma maumivu tu.

Aliyevuka miaka arobaini na ana presha, kisukari, au ndugu waliokufa kwa moyo wakiwa bado vijana, apimwe kabla ya kuanza mazoezi. Anayejidunga insulini au kumeza vidonge vinavyoshusha sukari aulize daktari namna ya kupunguza dozi siku za safari ndefu, na asitoke bila kitu kitamu mfukoni. Anayebanwa kifua, anayezimia au anayehisi moyo kwenda ovyo ashuke hapo hapo na kutafuta msaada.

Jambo moja limebaki, nalo huwashangaza wengi. Wakishapiga picha pale John o' Groats na kurudi kazini, njaa ya safari huendelea kwa siku kadhaa ingawa kazi ya miguu imekwisha, na wapo wanaonenepa ndani ya mwezi mmoja. Wapunguze chakula mapema na waendelee kuendesha kidogo kila siku. Ganzi ya vidole kwa kawaida huisha baada ya siku au wiki chache. Ikiwa kidole hakiwezi kushika kifungo cha shati, au ganzi imepita mwezi mmoja, ni wakati wa kwenda kumwona daktari.