Leseni ya Dubai atalipa nani?

Matangazo ya udereva wa Uarabuni yanafanana. Picha ya gari jeupe la kusambazia mizigo, jina la mji, na maneno machache: madereva wanatakiwa haraka, leseni ya nyumbani inatosha, tiketi na malazi juu ya kampuni. Hurushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, na wiki haiishi kabla kijana hajanijia hapa Likoni ninapofundisha udereva, simu mkononi, akitaka nimwambie kama ni kweli. Hunijia mimi kwa sababu gari kama hilo nimeliendesha Dubai kwa miaka. Mimi humwambia kazi ipo, sana tu. Kisha humwuliza: leseni ya kule atalipa nani?

Wengi hukaa kimya. Wamekuja na hesabu ya mshahara, wamekwisha kuugeuza kuwa shilingi na kuugawa: karo, matofali, mahari. Leseni wanayo mfukoni, kwa hiyo hawakuiweka kwenye hesabu.

Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ya Dubai, una watu wapatao milioni 10, na karibu tisa katika kila kumi ni wageni. Mwaka 2017 Amazon iliinunua Souq, duka kubwa la mtandaoni la huko, na mwaka huohuo duka jingine la mtandaoni, noon, likafungua biashara. Baadaye ikaja Korona, na hata waliopenda kuzunguka madukani wakazoea kuletewa mlangoni. Chakula hubebwa na pikipiki. Lakini godoro, jokofu dogo, katoni za maji na nepi za mwezi mzima zinataka vani, mara nyingi HiAce iliyotolewa viti vya nyuma. Mwenyeji hafanyi kazi hiyo. Kwa miaka mingi madereva wametoka Pakistan, India, Bangladesh na Nepal, na sasa maajenti wamefika Kampala, Nairobi na Mombasa.

Jambo ambalo tangazo halisemi ni kwamba mwenye jina lililoandikwa ubavuni mwa gari huenda siye atakayekulipa. Duka hutoa kazi kwa kampuni ya usafirishaji. Kampuni ya usafirishaji nayo huchukua madereva kwa kampuni ndogo ya kukodisha wafanyakazi, na hiyo ndogo ndiyo iliyokuombea visa. Mshahara ukichelewa, kila mmoja anakuelekeza kwa mwenzake.

Sasa leseni. Sisi hupita kushoto na usukani wetu uko kulia. Kule ni kinyume. Siku za mwanzo mkono wa kulia ndio unaotakiwa kutafuta gia, nao haujui. Ule wa kushoto unakwenda mlangoni bure. Kwenye raundabauti unatazama upande ambao gari haliji. Hayo mwili huyazoea, kwa kuwa dereva ni dereva. Mtihani ndio mlima. Zipo nchi ambazo leseni zake hubadilishwa kaunta bila mtihani. Nilipokwenda mimi, Kenya haikuwemo, na anayeondoka leo aithibitishe orodha ya sasa mwenyewe badala ya kumsikiliza ajenti.

Asiye kwenye orodha huanza mwanzo. Unapimwa macho, unafunguliwa faili katika chuo cha udereva, unafanya mtihani wa sheria kwenye kompyuta. Halafu uwanjani: kuegesha kwa pembe, kuingia kinyumenyume katikati ya magari mawili, kuegesha kando ya barabara, kusimama na kuondoka mlimani, na kukanyaga breki ya dharura. Ukifaulu ndipo unapelekwa barabarani na mtahini wa RTA, ile mamlaka ya barabara ya Dubai. Mnaingia garini watahiniwa kadhaa, mnapokezana usukani, kila mmoja dakika chache. Watu waliokuwa wakiendesha malori ya Mombasa hadi Malaba wanaangushwa hapo, na nimeona wakishuka wakiwa na machozi. Kinachowaangusha ni shingo. Mtahini anataka ugeuze kichwa uangalie begani kila unapohama njia au unapoondoka kando ya barabara. Sisi tumezoea kioo. Hapa chuoni sasa humsimamisha mwanafunzi kila anaposahau, awe anakwenda Dubai au Ukunda.

Ukianguka unaongezewa masomo, unalipia mtihani upya. Tangu Aprili 2023 Dubai imeruhusu wageni wa nchi zisizo kwenye orodha kujaribu mtihani wa barabarani mara moja bila kupitia masomo yote, na kwa dereva mzoefu aliyejiandaa ni nafasi nzuri. Akianguka, anarudi darasani. Kwa njia ya kawaida gharama yote hufika maelfu ya dirhamu, na kwa aliyeanguka mara mbili tatu inaweza kumeza mishahara ya miezi kadhaa.

Nani analipa? Sheria ya kazi ya huko, amri namba 33 ya 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Lakini leseni haiitwi gharama ya kuajiri. Inaitwa mafunzo, au mkopo, na kila mwisho wa mwezi inakatwa kidogokidogo. Juu yake kuna deni la nyumbani, kwa sababu ajenti wa hapa naye alitaka chake kabla ya tiketi, ingawa Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wazi kuwa wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza anayetafuta kazi. Kwa hiyo kijana anaingia kazini ana madeni mawili kabla hajabeba kifurushi hata kimoja. Huyo hawezi kukataa zamu ya ziada. Hawezi kusema gari halina breki. Hawezi kuhamia kwa mwajiri mwingine hata sheria ikimruhusu. Hili ndilo linaloniumiza, na ndiyo sababu nauliza habari ya leseni kabla ya mshahara.

Wapo walio katika hali mbaya zaidi: waliopelekwa kwa visa ya matembezi wakiambiwa watabadilishiwa wakifika. Bila kitambulisho cha ukaazi huwezi kufunguliwa faili ya leseni, na bila leseni wewe si dereva. Jirani yangu wa kitanda, kijana wa Kwale, alikuja hivyo. Miezi ilipita akipanga maboksi ghalani Sharjah, mji wa jirani na Dubai, kwa malipo ya mkono kwa mkono, na visa ilipopatikana hatimaye, kampuni yake ilimpa pikipiki. Aliahidiwa vani yenye kiyoyozi. Akapewa helmeti na sanduku mgongoni mwa pikipiki katika joto la Agosti. Mwaka 2024 serikali ya huko ilipandisha faini ya anayemwajiri mtu bila kibali, sasa ni kati ya dirhamu 100,000 na milioni moja. Tishio hilo ni la mwajiri, lakini anayejificha wakaguzi wakija ni mfanyakazi.

Kazi yenyewe naipenda hadi leo, nisiseme uongo. Alfajiri uko ghalani Al Quoz, mtaa wa maghala wa Dubai, unaskani vifurushi, unapakia kwa kurudi nyuma: cha mteja wa mwisho kinaingia kwanza, cha kwanza kinakaa mlangoni. Ukikosea mpango huo, saa nane mchana utakuwa umepiga magoti ndani ya gari la moto ukipekua. Kila jengo lina kibao cha Makani, anwani ya tarakimu kumi, ukiziingiza kwenye simu zinakufikisha mlangoni hasa. Mlinzi wa jengo mara nyingi ni Mganda au Mkenya mwenzako. Ukimwamkia kwa Kiswahili anakuonyesha lifti ya mizigo iliko na anakuchungia gari lisiandikiwe faini ya kuegesha. Jioni unahesabu fedha za wateja waliolipa mlangoni, na pungufu ni yako.

Faini ndizo zinazokula mshahara. Kushika simu ukiendesha ni dirhamu 800 na alama nyeusi 4. Kupita taa nyekundu ni dirhamu 1,000, alama 12, na gari kuzuiwa siku 30. Alama zikifika 24 ndani ya mwaka, leseni inasimamishwa, na ile leseni ndiyo bado unailipia. Wakati huohuo kazi nzima iko ndani ya simu: mteja anapiga, ramani inasema, programu inataka ubonyeze umefika, supavaiza anauliza kwa nini bado. Kishikio cha simu cha bei rahisi kilichobanwa kwenye dashibodi ndilo kifaa cha kwanza cha kununua.

Anayekwenda na asome ofa ya kazi. Tangu 2016 ofa ya wizara ya kazi ya huko husainiwa kabla ya safari, na mkataba unaofuata lazima ulingane nayo. Hutolewa kwa Kiarabu na Kiingereza, na kwa lugha kama Kiurdu, Kihindi, Kinepali na Kimalayalam. Kiswahili hakikuwemo kwenye lugha zilizotangazwa, basi tafuta mtu mnayeaminiana anayesoma Kiingereza vizuri. Aangalie cheo kilichoandikwa, kama ni dereva wa gari dogo au ni mfanyakazi tu. Aangalie mshahara wa msingi umetengwaje na marupurupu, maana kiinua mgongo hupigwa kwa ule wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Falme za Kiarabu hazijamwekea mgeni kima cha chini cha mshahara. Qatar imeweka, tangu Machi 2021, riyali 1,000, na kama mwajiri hatoi malazi na chakula anaongeza 500 na 300.

Kuhusu ajenti, kwetu husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ndugu zetu wa Tanzania wana TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Uliza jina lake huko kabla ya kutoa hata shilingi. Na serikali zetu zinapokaa mezani na nchi hizi kuandika mikataba ya ajira, gharama ya leseni itajwe kwa jina kuwa ni ya mwajiri. Jambo hili halitaishia Ghuba. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi Berlin, Septemba 2024, na Ujerumani leseni ya Kenya hutumika miezi 6 tu tangu uhamie, kisha ni mtihani wao.

Ajenti akikuambia kampuni italipa, mwambie aandike kwenye ofa. Akisema utakatwa, aandike ni kiasi gani kwa mwezi, kwa miezi mingapi, na nani anabeba gharama ukianguka mtihani. Kisha piga picha kila karatasi uzitume kwa mama, mke au kaka kabla hujapanda ndege. Simu ya kazi ni mali ya kampuni, na siku mkikosana itarudishwa ofisini pamoja na kila ulichohifadhi ndani yake.