Tembe la Kwihara: Ziara ya shule inayowarudisha watoto wa Tabora katika historia yao

Mwanafunzi wa Kata ya Kitete, Manispaa ya Tabora, anahitaji safari fupi tu nje ya mji ili afike Kwihara, ilipo nyumba ya makumbusho ijulikanayo kama Tembe la Livingstone. Nyumba hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu muhimu za njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19. Kwa shule za Tabora, ziara ya mafunzo katika eneo hilo ni nafasi ya kusoma historia pale ilipotukia.

Hata hivyo, ziara hiyo huzaa matunda pale tu inapoandaliwa vema. Mwanafunzi asiyeandaliwa huingia, huona picha ukutani, kisha huondoka akiwa na majina mawili: Livingstone na Stanley. Aliyeandaliwa huondoka akijua pia kwamba bila Wanyamwezi waliobeba mizigo, kulima chakula na kuongoza njia, wageni hao wawili wasingefika popote.

Tembe ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa bapa. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliishi Kwihara katikati ya mwaka 1871, kabla ya kuelekea Ujiji alikokutana na Dkt. David Livingstone mwishoni mwa mwaka huo. Wawili hao walirejea pamoja na kufika Kwihara tarehe 18 Februari, 1872. Stanley aliondoka kuelekea Pwani tarehe 14 Machi, naye Livingstone alibaki hadi tarehe 25 Agosti.

Swali la kwanza ambalo mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi ni hili: kwa nini Livingstone alingoja zaidi ya miezi mitano baada ya mwenzake kuondoka? Jibu ni kwamba alikuwa akisubiri wapagazi. Stanley aliahidi kumtafutia watu Pwani, na hadi walipowasili mwezi Agosti, msafiri huyo mashuhuri hakuweza kuendelea na safari. Jibu hilo humfanya mwanafunzi aitazame nyumba kwa jicho jingine, kwa kuwa humwonyesha nani hasa aliyekuwa na nguvu ya kuusogeza msafara.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani takribani kilo 32. Safari ya Stanley kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ilichukua miezi mitatu, kuanzia Machi hadi Juni 1871. Kabla ya ziara, mwanafunzi anaweza kuulizwa kilo 32 ni sawa na ndoo ngapi za maji za lita 20, kisha akadirie mtu angetembea siku ngapi akiwa na uzito huo kichwani au begani.

Hapa mwalimu anapaswa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Wanyamwezi wengi walifanya upagazi kama kazi ya ujira, na baadhi yao walikuwa wafanyabiashara waliofika Pwani kwa misafara yao wenyewe. Wakati huohuo, njia hiyohiyo ilipitisha watu waliotekwa na kupelekwa sokoni kwa nguvu. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kila mbeba mizigo alikuwa mtumwa, atakuwa amenyimwa habari za ujasiri na maarifa ya wazee wake. Akiambiwa habari za biashara pekee, atakuwa amefichwa mateso ya waliofungwa minyororo. Mambo yote mawili yanapaswa kusemwa, kwa lugha inayolingana na umri wa watoto.

Lugha yenyewe ni sehemu ya somo. Neno "hongo", ambalo leo ni jina la kosa la jinai, katika zama za misafara lilimaanisha ushuru uliolipwa kwa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. "Posho" ilikuwa mgawo wa chakula cha wapagazi. Wanafunzi wanaweza kutumwa kuwauliza wazee nyumbani maneno mengine ya safari na biashara, kisha kuyaleta darasani kabla ya siku ya ziara.

Vilevile, Kwihara haipaswi kutazamwa peke yake. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha njia hiyo ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Maeneo sita yalitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mwanafunzi anayechora ramani ya maeneo hayo ataona kwamba Tabora ilikuwa njiapanda, ambapo njia ya kwenda Ujiji iliachana na njia za kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria.

Kisa kingine kinachostahili kusimuliwa hapo ni cha mwaka 1873. Livingstone alifariki dunia mwanzoni mwa Mei katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuhifadhi mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Njiani walipita Unyanyembe. Mwezi mmoja tu baada ya kifo hicho, Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa.

Ziara ya aina hii inaendana na somo la Historia ya Tanzania na Maadili lililomo katika mitaala iliyoboreshwa. Ili ifanikiwe, maandalizi yapitie hatua tatu.

Kwanza, kabla ya safari, mwalimu atembelee eneo mwenyewe, awasiliane na wahifadhi kuhusu siku, kiingilio na mwongozaji, na apate ridhaa ya wazazi. Kwa kuwa umbali ni mdogo, shule ipange usafiri wa gharama nafuu, ili mtoto ambaye mzazi wake hana cha kuchangia asibaki nyumbani wenzake wakienda kujifunza. Usafiri uwe salama, na mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu yazingatiwe tangu mwanzo.

Pili, wakati wa ziara, wanafunzi wagawanywe katika makundi madogo, kila kundi likiwa na swali lake. Kundi moja lichunguze ujenzi wa tembe na sababu ya kuta zake kuhifadhi ubaridi. Jingine lifuatilie tarehe. Jingine liorodheshe watu wanaotajwa katika maonesho, na wale ambao hawakutajwa ingawa kazi yao inaonekana.

Tatu, baada ya kurejea, kila kundi liwasilishe majibu yake mbele ya darasa, na ikiwezekana mbele ya wazazi. Orodha ya wasiotajwa ndiyo inayoweza kuwa mwanzo wa utafiti mdogo wa shule kuhusu familia na vijiji vya Unyanyembe.

Ikumbukwe kuwa mambo ya kale yanalindwa kisheria, kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na marekebisho yake. Kuandika ukutani, kung'oa kipande cha udongo au kuokota kitu na kuondoka nacho ni kuharibu ushahidi ambao hauwezi kurudishwa. Watoto wafundishwe hilo kabla ya kupanda gari, na watu wazima wanaowasindikiza wawe wa kwanza kulitii.

Wazazi nao wana mchango ambao haununuliwi. Tabora bado ina wazee waliosimuliwa habari za misafara na wazee waliowatangulia. Jioni ya siku ya ziara, mzazi amuulize mtoto amejifunza nini, kisha ampeleke kwa babu au bibi mwenye la kuongeza. Makumbusho huhifadhi picha na maandishi, lakini masimulizi yasiporithishwa huondoka pamoja na wenye kuyajua.