Kampuni Moja, Desturi Mbili za Ajira

Wanunuzi wengi wa hisa hudhani kampuni ya kimataifa huajiri kwa utaratibu mmoja popote iendapo. Sivyo. Taratibu za nchi mwenyeji zina nguvu kubwa.

Tuchukue mfano wa McDonald's. Nyumbani Marekani, mikahawa yake huendeshwa kwa kawaida bila mkataba na chama cha wafanyakazi. Ilipoingia Denmark mwaka 1981 ilitaka kufuata desturi hiyo. Lakini Denmark haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Mishahara hupangwa kwa mikataba ya vyama na waajiri. Aidha, vyama vingine huruhusiwa kugoma kuwaunga mkono wenzao. Wafanyakazi wa bandari, madereva wa malori na wachapaji walipoingia katika mgogoro huo, kampuni ilikubali mkataba mwaka 1989.

Toys "R" Us nayo iligomewa Sweden mwaka 1995, hatimaye ikatia saini.

Funzo kwa mwekezaji: kabla ya kukadiria gawio, uliza nani hupanga mishahara katika nchi hiyo. Mshahara mdogo kwenye hesabu si faida iwapo mizigo itakwama bandarini.